Ndege wa Mikaratusi ya Kiuu

Jumatatu, 12 Aprili 1999

Thika, ofisi ya misitu. Nimefika saa mbili kamili, shati limepigwa pasi, fomu mkononi. Nimetoka saa saba bila leseni.

Ninachotaka si kikubwa. Mikaratusi thelathini ya bibi mmoja mzee, Shosho Wangeci, kule bondeni Kiuu, kando ya kijito. Marehemu mumewe aliipanda walipohamia hapo. Imenenepa, imenyooka, isipokuwa mmoja ulioinamia jikoni kwake. Tangu Januari ananisihi niukate huo kwanza, kisha nichukue yote. Mimi nina yadi ya mbao Githurai 45, na yadi haina mbao. Tumekubaliana. Kilichobaki ni karatasi.

Afisa anaitwa Bwana Muthoka. Mpole, kalamu tatu mfukoni. Amesema siku hizi miti ya kando ya maji haikatwi hadi tathmini ya mazingira ifanywe. Nikauliza hiyo ni kitu gani. Akasema ni kwenda kuangalia maji, udongo, wanyama, ndege na majirani, kisha kuandika ripoti. Nikamwambia maji yapo, udongo upo, majirani wapo wengi kupita kiasi, aandike sasa hivi. Hakucheka.

Halafu nikaona mezani. Faili la Erastus liko juu ya langu! Erastus, ambaye yadi yake inatazamana na yangu, na aliyepaka ubao wake rangi ya kijani wiki moja baada ya mimi kupaka wangu. Anataka miti ya Mzee Absalom, jirani wa Shosho, kijito hicho hicho. Ameomba leseni siku nne kabla yangu. Tathmini yake ni wiki ijayo. Yangu, amesema Bwana Muthoka, itafuata baadaye.

Baadaye! Nimerudi nyumbani na neno hilo masikioni.

Jumatano, 14 Aprili

Nimeandika barua.

Haina jina langu. Imetiwa sahihi na Mwananchi Apendaye Viumbe. Inaiarifu ofisi ya misitu kwamba kwenye miti ya Mzee Absalom anaishi ndege adimu, mgongo wa buluu, anayelia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nikasoma. Haikutosha. Nikamwongezea kishungi chekundu. Ndege asiye na kishungi hawezi kusimamisha lori.

Nimetumia mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Zubeida, mke wangu, amepita na karai la nguo akauliza mbona leo naandika na kushoto. Nikamwambia mkono wa kulia umechoka. Akauliza umechoshwa na nini, na yadi haina mbao.

Nimeitia posta Ruiru, si Githurai. Mtu lazima afikirie kila kitu.

Naandika hapa ili ijulikane: sikukusudia ubaya. Nilitaka Erastus acheleweshwe kidogo tu, faili langu lipate nafasi ya kupanda juu.

Jumanne, 20 Aprili

Imefaulu! Erastus ameambiwa tathmini yake imeahirishwa kwa sababu ya habari mpya. Nimemwona ameketi mbele ya yadi yake, kofia magotini. Nimevuka barabara nikampa pole. Nikamnunulia chai. Akasema hajui ni nani anayemfanyia hivi. Nikasema dunia imeharibika.

Mvua imeanza kweli kweli. Inanyesha tangu jana bila kupumua.

Alhamisi, 22 Aprili

Baraza la chifu, Kiuu. Bwana Muthoka amekuja mwenyewe na buti za mvua.

Ametangaza kwamba hakuna tawi litakalokatwa bonde zima hadi wataalamu waje kumtafuta ndege mwenye kishungi chekundu, anayelia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Bonde zima! Nikasimama, nikamkumbusha kwa heshima kwamba barua ilisema miti ya Absalom. Akasema ndege ana mabawa, na mpaka wa shamba haujui. Halafu akaniuliza nimejuaje barua ilisema nini. Nikajibu kwamba watu wanasema. Nikaketi.

Shosho Wangeci akainuka. Miaka sitini na saba, leso kichwani, sauti ndogo. Akasema ule mti wa jikoni umezidi kuinama. Upande mmoja mizizi imeanza kutoka nje kama vidole. Akaomba ukatwe huo mmoja tu, mingine ibaki na ndege wake.

Bwana Muthoka alimsikiliza hadi mwisho. Nilimwona anaumia. Akasema hawezi kuangusha mti mmoja bila kujua kama ndio wenye kiota. Lakini akatoa njia. Aliyeandika barua ajitokeze, aonyeshe ndege yuko mti gani. Akishaonyeshwa, atapima eneo hilo, na kibali cha mti wa Shosho atakitia sahihi siku hiyo hiyo.

“Mwenye barua yuko hapa?” akauliza.

Watu wakatazamana. Na mimi nikawatazama.

Ningesimama wakati huo. Nimeandika hivyo na nimeisoma mara mbili. Ningesimama. Lakini Erastus alikuwa ameketi safu ya pili, na nilikuwa nimemnunulia chai.

Aliyesimama ni yeye. Akaapa kwamba amemwona ndege, kishungi na kila kitu, lakini kwenye miti ya Shosho Wangeci, si kwa Absalom! Mzee Absalom naye akaapa kwamba amemwona, akasema hata marehemu babake alikuwa akimtaja. Sikuvumilia. Nikasimama, nikasema hapana, yuko kwa Absalom. Tumebishana robo saa nzima kuhusu makao ya ndege ambaye nilimtengeneza kwa kalamu.

Shosho aliondoka kabla hatujamaliza.

Jumamosi, 24 Aprili

Mpango mpya. Ikiwa ndege ndiye kizuizi, lazima ithibitishwe kwamba hayupo. Tena ithibitishwe kisayansi.

Kahawa Wendani, kwenye vyumba vya wanafunzi, nimempata msichana anayesomea mambo ya mazingira chuo kikuu. Nafuna. Ana darubini, daftari na viatu vya kiume. Amenisalimia, “Sasa, mzee?” Nina miaka arobaini na mitatu. Nikameza.

Nikamweleza kwamba nahitaji ripoti inayosema hakuna ndege. Akasema ataandika anachokiona. Nikasema vizuri, na asichokiona pia akiandike. Akasema poa, lakini na vingine atakavyoviona ataviandika. Nikakubali. Kuna nini kingine cha kuona bondeni?

Jumanne, 27 Aprili

Nafuna amekaa bondeni asubuhi tatu, nailoni ya kuzuia mvua kichwani. Ripoti yake kurasa nne. Hakuna ndege wa kishungi! Nilitaka kumkumbatia.

Lakini ameona vingine. Ameona chemchemi ndogo chini ya ule mti ulioinama. Maji yanakula udongo. Mizizi ya upande wa juu imeachia. Ameandika kwa herufi kubwa kwamba mti huo uondolewe mara moja, na kwamba mtu asipike wala kukaa kwenye lile jiko. Ameandika pia kwamba mikaratusi inanyonya kijito, na afadhali ikatwe kwa awamu, miti ya kienyeji ipandwe mahali pake.

Ripoti yote iko upande wangu! Nikakimbia nayo Thika siku hii hii.

Bwana Muthoka ameisoma mara mbili. Ameisifu. Kisha amesema sahihi ya mwanafunzi haitoshi mbele ya mashahidi wawili wazima waliokula kiapo kwamba wamemwona ndege. Wataalamu wanakuja tarehe kumi Mei. Nikamwambia mti hautasubiri tarehe kumi. Akasema anajua, na hilo linamnyima raha. Akasema mtu mmoja tu ndiye anayeweza kufupisha jambo hili, naye ni yule wa barua.

Akanitazama. Pengine alinitazama tu kama mtu anavyotazamwa. Nikafungua mdomo.

Nikamwomba maji ya kunywa.

Alhamisi, 29 Aprili

Nimempelekea Shosho habari za ripoti. Nimemsihi ahamishe jiko. Akaniuliza alihamishie wapi, nyumba ni chumba kimoja na moshi ungemuua kabla ya mti. Bintiye Maggie, mwenye duka Wendani, anataka akakae kwake. Hataki. Amesema akiondoka, ng'ombe watakamuliwa na nani.

Nilikuwa nikirudi kichwa chini, ndipo nikapata wazo. Amri ya Bwana Muthoka inakataza kukata. Haisemi chochote kuhusu kufunga!

Nimeleta kamba nene ya lori kutoka yadi. Nimeufunga ule mti, nikauvuta kwa mti ulio nyuma yake, nikakaza kwa nguzo ya chuma mpaka kamba ikawa ngumu kama fimbo. Majirani wakaja kutazama. Mzee Absalom akanipa mkono. Shosho akasema tangu mumewe afe hakuna mwanamume aliyemfanyia kazi ya namna hiyo bila kuitwa.

“Mungu akubariki, Baba Nadira,” akasema.

Nimerudi nyumbani nikijisikia mwema. Nimemweleza Zubeida yote, isipokuwa barua. Akauliza kamba ile ni ya mwaka gani.

Jumatatu, 3 Mei

Mti umeanguka.

Saa moja na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Kamba imekatika katikati. Mti umelala juu ya jiko na Shosho alikuwa ndani.

Nimefika nikakuta Erastus amefika kabla yangu. Yuko chini ya mabati amepiga magoti kwenye matope, anachimba kwa mikono. Nami nikapiga magoti. Mzee Absalom akaleta msumeno wa mkono, tukakata matawi moja moja, mimi na Erastus, yeye akivuta upande huu, mimi ule. Hakuna aliyeuliza leseni.

Tumemtoa yu hai. Mguu wa kushoto umevunjika mara mbili, nyonga imepasuka. Alikuwa ameshika kijiko cha mbao, na tulishindwa kumwachisha.

Maggie alikuja mbio kutoka Wendani na kandambili mguu mmoja. Alilia akisema juzi tu alikuja kumchukua, mamake akakataa, akasema kamba ya Baba Nadira imeshika.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 7 Mei

Msikitini. Hotuba ilihusu jirani. Sikuinua macho.

Baada ya swala nimerudi nyumbani, nikakuta Zubeida ameketi kitandani. Mezani ameweka daftari la hesabu la binti yetu Nadira, kurasa mbili za katikati zimeng'olewa. Akasema binti ameulizwa na mwalimu ziko wapi. Akasema pia kwamba sokoni kila mtu anasimulia barua ya ndege, na kwamba iliandikwa kwenye karatasi ya miraba midogo, na mwandiko ulikuwa kama wa mtu anayeandika kwa kiwiko.

Nikalifunga daftari.

“Ni wewe?” akauliza.

Nikasema ni mimi. Nikaanza kumweleza habari za faili la Erastus kuwa juu ya langu. Akainua mkono. Akasema hataki kusikia habari za faili. Akasema niende hospitali, nikamwambie mama wa watu kwa mdomo wangu, na nisirudi kabla sijasema.

Hajawahi kunisemesha hivyo kwa miaka kumi na saba.

Jumapili, 9 Mei

Hospitali, Thika. Wodi ya wanawake. Nimebeba ndizi.

Shosho amelala mguu umening'inizwa kwa uzito. Amekuwa mdogo. Alifurahi kuniona, na hilo lilinimaliza. Akaanza kunishukuru kwa safari za Thika, kwa Nafuna, kwa kamba. Nikamwomba asinishukuru. Nikaketi. Nikamwambia yote. Barua, mkono wa kushoto, kishungi. Nikamwambia kuhusu baraza, kwamba ningesimama mti ungekatwa siku ile ile.

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka akatazama ukuta.

“Kwa hivyo huyo ndege,” akasema mwishowe, “hayupo kabisa?”

“Hayupo, Shosho.”

“Mimi nilimsikia.”

Nikadhani ni dawa. Lakini akanieleza vizuri, polepole. Baada ya lile baraza alianza kusikiliza. Aliona vibaya kwamba ameishi na kiumbe kama hicho miaka yote na hajawahi kukitambua. Asubuhi ile ya Jumatatu alikuwa ameshaepua uji, anataka kwenda kukamua. Ndipo akamsikia juu ya paa. Analia kama bawaba isiyotiwa mafuta, vile vile walivyosema. Akarudi ndani, akasimama dirishani, kijiko mkononi, atazame kama atamwona.

Kamba. Ilikuwa kamba yangu, inalia kabla ya kukatika.

Sikumwambia. Wallahi sikuweza. Lakini nadhani alikwisha kujua, kwa sababu aligeuza uso.

Nikasema pole. Akasema pole yangu hana pa kuiweka leo. Akasema nikitaka kumfanyia kitu, niende kwa yule bwana wa misitu, nimwambie nilivyomwambia yeye, ili mwingine asilale chini ya mti akingoja ndege. Halafu akasema amechoka.

Ndizi alimpa yule mgonjwa wa kitanda cha pili.

Jumatano, 19 Mei

Wataalamu walikuja, watatu. Walikaa siku nne. Hawakuona ndege. Wameandika karibu maneno yale yale ya Nafuna: mikaratusi ikatwe kwa awamu, chemchemi izungushiwe ua, miti ya kienyeji ipandwe.

Leseni zimetolewa, kwa Absalom na kwa Shosho.

Lakini Maggie alikuja yadi leo. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema mamake ameamua miti ikatwe na Erastus. Akasema Erastus ameshajenga jiko jipya, la mawe, upande wa pili wa nyumba, na hakuitwa na mtu.

Nikasema ni haki yake. Nilimaanisha.

Sijaenda Thika bado. Nitakwenda. Kumekuwa na mvua.

Jumatano, 9 Juni

Shosho ametoka hospitali. Anatembea kwa magongo. Madaktari wamesema hatayaacha.

Zubeida ananipikia na kunifulia. Hanisemeshi zaidi ya hapo. Kila asubuhi anaweka nauli ya Thika mezani, kila jioni anaikuta pale pale.

Kesho. Nimeamua. Nimepiga pasi lile shati.

Alhamisi, 10 Juni

Nimekwenda.

Nimefika ofisi ya misitu saa tatu. Nimepanga maneno yangu tangu Ruiru. Bwana Muthoka, mimi ndiye niliyeandika ile barua. Basi. Sentensi moja. Nimejiandikisha kwa karani, nikaambiwa niketi kwenye benchi, watu wanne mbele yangu.

Karibu nami ameketi bwana mmoja mnene, jasho limemtoka, fomu kumi na mbili mapajani. Anazigeuza kama mtu aliyepewa Biblia ya Kichina. Tukasalimiana. Anaitwa Githinji, ana machimbo ya mawe kule juu ya Ruiru. Amekata tamaa. Anataka kupanua machimbo, kuna miti michache ya kung'oa, na sasa anadaiwa tathmini ya mazingira. Akaniuliza kama nazijua hizi karatasi.

Nikamwambia kidogo. Nikamwonyesha mahali pa maji, mahali pa udongo, mahali pa majirani. Nikamweleza kwamba mwanafunzi hatoshi, mtaalamu ndiye anayehitajika. Alinisikiliza kwa heshima ambayo sijaiona miezi miwili. Akaniuliza kama mimi ni mtaalamu.

Nikasema nimefanya tathmini moja kubwa. Kiuu. Ilichukua muda, nikasema, lakini leseni zilitoka.

Si uongo. Zilitoka.

Akaniambia shida yake hasa si karatasi. Shida yake ni jirani, mwenye machimbo ya pili, mtu wa kiburi, faili lake limetangulia na wiki ijayo wanakwenda kumpimia. Akipata leseni kwanza atachukua wateja wote.

Nilijaribu kwa dhati kukaa kimya. Nilitazama ukutani, kuna kalenda yenye picha ya twiga.

Kisha nikamuuliza kama kwa huyo jirani kuna pango lolote. Akafikiri. Akasema lipo moja, nyuma, la zamani. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuangalia vizuri ndani yake, maana kuna popo wengine ni adimu sana.

Akasogea karibu.

Karani akaita jina langu. Nikamwomba awahudumie wengine kwanza.